Mwaka wa Kwanza wa Udaktari kwa Aliye na Shahada Tayari: Mwongozo Kamili

Anayeingia udaktari akiwa na shahada nyingine mkononi huja na kitu ambacho kijana aliyetoka sekondari bado hana: anajua maisha ya chuo. Amefanya mitihani, ameandika tasnifu, pengine amefanya kazi miaka kadhaa na kusimamia watu. Lakini ujuzi huohuo ndio unaowaangusha wengi katika muhula wa kwanza. Njia iliyompa shahada ile, yaani kusoma sura nzima kwa utulivu, kuielewa, kuipigia mistari kisha kuipitia tena siku chache kabla ya mtihani, haiwezi kubeba mzigo wa udaktari. Mambo yenyewe, moja moja, si magumu kupita ya fani nyingine. Ni mengi, yanakuja kila siku, na yanategemeana. Usipoyashika ya mwezi huu, ya mwezi ujao hayana pa kukaa.

Marekani na Kanada, kusoma chuo kwanza ndiyo njia ya kawaida ya kuufikia udaktari. Uingereza, Ireland na Australia njia hiyo ipo sambamba na ya wanaotoka sekondari moja kwa moja. Kwa kawaida programu za wenye shahada huchukua miaka 4, na pale zinapofupishwa, masomo ya msingi ya sayansi ndiyo yanayobanwa. Ndiyo maana nasisitiza tangu mwanzo: badilisha namna yako ya kusoma mapema, kabla mtihani haujakulazimisha.

Hatua ya 1: Miezi ya mwisho kabla ya kuanza

Kila mwaka wapo wanaonunua kitabu kikubwa cha anatomia na kuanza kukikariri nyumbani. Sishauri. Hujui bado chuo chako kitafundisha kwa mpangilio gani wala kwa kina gani, na utakachokariri bila kukirudia kitakuwa kimeyeyuka kufikia wiki ya nne. Muda huo una kazi zenye faida kubwa zaidi.

Ya kwanza ni chanjo. Vyuo vya udaktari hutaka uthibitisho kwamba umekingwa dhidi ya magonjwa kadhaa kabla hujagusa mgonjwa, na homa ya ini aina ya B ndiyo inayowachelewesha wengi: dozi zake tatu hupangwa kwa muda wa miezi 6, halafu hufuata kipimo cha damu cha kuona kama mwili umejenga kinga. Ukianza wiki ya kufungua chuo umechelewa.

Ya pili ni fedha na watu wa nyumbani. Aliyezoea mshahara anaingia kipindi kirefu cha kutokuwa nao, na mawazo ya kodi hayakai vizuri na mawazo ya figo. Andika matumizi ya mwaka mzima, si ya mwezi mmoja. Kama una mwenza au watoto, kaeni mwafikiane waziwazi: jioni zipi si zako, nani anamchukua mtoto shule, siku gani ya wiki hakuna kitabu. Makubaliano ya jumla kama "tutavumiliana" huvunjika wiki ya mtihani wa kwanza. Yaliyotajwa kwa siku na saa hudumu.

Ya tatu inawahusu waliotoka kwenye sheria, lugha, biashara au sanaa. Nyinyi someni misingi michache tu: seli na sehemu zake, jinsi jeni inavyogeuka kuwa protini, asidi na besi, jinsi vitu vinavyopita kwenye utando wa seli. Ongezeni mizizi ya maneno ya kitabibu, ile ya Kigiriki na Kilatini inayotaja moyo, figo, ini, mfupa, uvimbe na upungufu. Anayeijua hukisia maana ya istilahi nyingi asizowahi kuziona, na kasi yake ya kusoma hubadilika kabisa.

Hatua ya 2: Wiki mbili za kwanza

Kabla ya kusoma lolote, soma kanuni za mitihani za chuo chako. Alama ya kufaulu ni ngapi? Ukifaulu masomo yote isipokuwa moja, unarudia mtihani au mwaka? Mahudhurio yanahesabiwa? Kazi za vitendo zina uzito gani? Hizi ni kurasa ambazo wengi huzifungua siku matokeo yanapotoka, wakati hazisaidii tena.

Kisha tambua chuo kinafundisha kwa mfumo upi. Upo mfumo wa somo kwa somo: anatomia peke yake, fiziolojia peke yake, biokemia peke yake. Upo wa viungo, ambapo wiki kadhaa ni za moyo, kisha mapafu, kisha figo, na masomo yote hukutana hapo. Na upo wa kufundisha kwa matatizo, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada mwaka 1969: kikundi kidogo hupewa habari za mgonjwa, kikajiwekea malengo na kwenda kuyatafuta. Programu nyingi za wenye shahada zinaupenda mfumo huu kwa kuwa zinawaamini watu wazima kujiongoza. Hatari yake ni kwamba hakuna anayekuambia umesoma vya kutosha. Ukiwa katika mfumo huo, tafuta orodha rasmi ya malengo ya kozi na uiweke mezani, maana mjadala mzuri wa kikundi unaweza kukupa raha ya kuelewa huku nusu ya malengo haijaguswa.

Vitabu usinunue bado. Azima maktaba, jaribu viwili vitatu, kisha chagua kimoja kwa kila somo na ushikamane nacho. Kuruka kutoka kitabu hadi kitabu, na kutoka video hadi video, hukupa hisia ya kufanya kazi bila kazi yenyewe.

Hatua ya 3: Jenga siku yako juu ya kukumbuka

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea katika saa na siku za mwanzo, kisha upotevu hupungua kasi, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku hushinda marudio ya mkupuo mmoja. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha jambo ambalo kila mwanafunzi wa udaktari angepaswa kulijua. Waliwapa wanafunzi matini ya kusoma, wengine wakairudia kuisoma, wengine wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Yaani njia inayokupa furaha leo ndiyo inayokusaliti Ijumaa ijayo.

Basi siku yako iende hivi. Kabla ya mhadhara, tumia robo saa kupitia vichwa vya habari na picha ili masikio yasikutane na kila neno kwa mara ya kwanza. Darasani usiandike kila kitu, sikiliza hoja. Siku hiyohiyo, kabla ya kulala, geuza mhadhara kuwa maswali. Kesho yake asubuhi yajibu bila kutazama. Rudia tena baada ya siku tatu hivi, kisha wiki, kisha wiki tatu. Programu za kadi za maswali hupanga marudio haya zenyewe, na masanduku ya kadi za karatasi ya mfumo wa Sebastian Leitner hufanya kazi ileile: kadi uliyoijua inasogea sanduku la mbele linalofunguliwa mara chache, uliyoikosa inarudi sanduku la kila siku.

Ubora wa kadi ni muhimu kuliko wingi wake. Kadi inayosema "Eleza neva ya radiali" haifai kitu. Haina jibu moja, inachukua dakika tano, na utaanza kuikwepa. Igeuze hivi: "Kijana amevunjika mfupa wa mkono wa juu katikati. Kiganja chake kinaning'inia, hawezi kukiinua, lakini kiwiko bado anakinyoosha. Neva gani imeumia?" Jibu: radiali. Kadi ya pili: "Kwa nini bado ananyoosha kiwiko?" Kwa sababu matawi yanayokwenda kwenye msuli wa nyuma wa mkono wa juu huachana na neva juu zaidi ya pale palipovunjika. Ya tatu: "Ganzi utaikuta wapi?" Mgongoni mwa kiganja, kati ya kidole gumba na cha shahada. Kadi tatu fupi, kila moja sekunde chache, na tayari una mgonjwa mbele yako badala ya aya.

Kadi za watu wengine ni za bure na ni nyingi. Zitumie kwa orodha kavu, kama majina ya mifupa ya kiganja. Kwa mambo ya kuelewa, andika zako. Kazi ya kuliunda swali ndiyo nusu ya kujifunza.

Na ukiona kadi za kurudia zimefika mia kadhaa kwa siku, usijilaumu wala usikeshe. Punguza kadi mpya kwa wiki moja, futa zile zinazojirudia au zisizo na maana, kisha endelea. Anayeruka siku nne akitumaini kulipa deni Jumapili hulipa kwa shida sana.

Hatua ya 4: Anatomia, kwa penseli na kwa heshima

Anatomia haisomwi kwa macho peke yake. Inachorwa. Chukua mtandao wa neva za mkono, ule unaowatisha wote. Kwenye karatasi tupu, andika mizizi 5: neva ya shingo ya tano, ya sita, ya saba, ya nane, na ya kwanza ya kifua. Ya tano na ya sita ziunganishe kuwa kigogo cha juu, ya saba iendelee peke yake kuwa cha kati, mbili za mwisho ziungane kuwa cha chini. Vigogo 3. Kila kigogo kigawanye mbele na nyuma, upate migawanyo 6. Migawanyo yote ya nyuma iungane kuwa kamba moja ya nyuma. Ya mbele itoe kamba ya pembeni na kamba ya ndani. Kamba 3. Mwishoni matawi 5 makuu: ya misuli na ngozi, ya kwapa, ya radiali, ya mediani na ya ulna.

Mara ya kwanza mchoro huo utakuchukua dakika kumi na kosa hapa na pale. Uchore kila asubuhi kwa wiki moja bila kuangalia kitabu, hadi uweze kuukamilisha kwa dakika moja. Halafu uulize maswali. Mtoto aliyevutwa shingo wakati wa kuzaliwa, mkono wake ukalala ubavuni ukigeukia ndani: ameumia wapi? Kigogo cha juu. Ukifika hapo mtandao huu hautakutisha tena, na kila kidonda cha neva utakachokutana nacho kitakuwa na mahali pake kwenye ramani.

Chumba cha maiti kinahitaji neno la pekee. Vaa nguo usizojali zikibaki na harufu ya dawa ya kuhifadhia miili, funga nywele, kula kitu chepesi kabla. Ukisikia kizunguzungu, kaa chini papo hapo, usisubiri uanguke. Hakuna atakayekucheka, na akicheka ameonyesha tabia yake. Picha hazipigwi, na yanayoonekana humo hayageuzwi hadithi ya mezani. Mwili uliolazwa pale ulikuwa mtu, na katika vyuo vingi ni mtu aliyeamua akiwa hai, kwa hiari yake, kwamba wewe ujifunze kupitia yeye. Ingia umejiandaa. Aliyesoma eneo la siku hiyo kabla ya kuingia huona, asiyesoma hupitisha saa mbili akitafuta kitu asichokijua sura.

Kumbuka pia kwamba maiti na vitabu hutofautiana. Mishipa ya damu hupita njia tofauti kidogo kwa watu tofauti. Usikate tamaa unapoikosa ateri mahali kitabu kilipoichora. Ifuate kuanzia inakotoka hadi inakokwenda, jina lake utalipata kwa kazi yake.

Hatua ya 5: Fiziolojia ni mnyororo wa sababu

Ukikariri fiziolojia umepotea njia. Kila jambo humo lina "kwa sababu", na kazi yako ni kuweza kuutamka mnyororo wote kwa sauti. Mfano: moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma kama mililita 70 kwa pigo, mara 70 hivi kwa dakika. Zidisha: karibu lita 5 kwa dakika, takriban damu yote aliyonayo mwilini. Sasa apoteze lita moja kwa jeraha. Damu inayorudi moyoni inapungua, kwa hiyo kila pigo linasukuma kidogo. Vihisi vya shinikizo vilivyoko kwenye mishipa mikubwa ya shingo na karibu na moyo vinagundua. Neva za simpathetiki, zile za kuuamsha mwili wakati wa hatari, zinaamka: moyo unakwenda mbio, mishipa ya ngozi inabana, jasho linatoka. Figo zinatoa renini, kimeng'enya kinachoanzisha kazi ya kupandisha shinikizo, mkojo unapungua. Mtazame mgonjwa huyo sasa: mapigo ya haraka, mikono baridi yenye jasho, kiu, mkojo mdogo. Kijana mwenye afya anaweza kuwa na hali hiyo yote huku shinikizo lake la damu likisomeka karibu na kawaida, na anayeitegemea namba hiyo peke yake atamwacha akingoja.

Fanya hivyo kwa kila kiungo. Simama mbele ya ubao au ukuta, eleza, na pale unapokwama andika swali. Hapo ndipo pa kurudi kitabuni, si mwanzo wa sura.

Biokemia nayo huwatesa wengi kwa sababu wanataka kujua kila kimeng'enya. Kwa kila njia ya kikemia jiulize mambo manne: inafanyika wapi, inaanza na nini na kuishia na nini, hatua gani inaidhibiti, na ikiharibika mgonjwa anakuwaje. Kimeng'enya cha G6PD ni mfano mzuri. Chembe nyekundu za damu hukitegemea kupata kinga dhidi ya oksijeni kali. Mwenye upungufu wake huishi vizuri hadi anapopewa dawa fulani, kama primakwini ya malaria. Chembe zake hupasuka, mkojo ukawa mweusi, macho yakawa ya njano. Ukilijua hilo, njia nzima ya kikemia inakaa kichwani bila kulazimishwa.

Histolojia, somo la tishu: tazama slaidi nyingi kwa hadubini, soma maelezo machache. Embriolojia, somo la ukuaji wa mimba: shika tabaka tatu za mwanzo na kinachotoka katika kila moja, na kumbuka kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 8 tangu kutungwa mimba ndipo viungo vingi hujengwa na madhara ya dawa huwa makubwa. Inatosha kwa kuanzia.

Takwimu usizidharau. Wenye shahada za sayansi hudhani wanazijua, wa sanaa huziogopa, na wote wanaweza kukosea hapa: ugonjwa unampata mtu 1 kati ya 100, na kipimo kinawatambua wagonjwa 90 kati ya 100 na wazima 90 kati ya 100. Mtu ameonekana nao. Uwezekano kwamba anaumwa kweli ni upi? Chukua watu 1,000. Wagonjwa ni 10, kipimo kinawaonyesha 9. Wazima ni 990, kipimo kinawatuhumu 99 bure. Walioambiwa wanaumwa ni 108, wanaoumwa ni 9. Si tisini kwa mia, ni karibu nane kwa mia. Daktari asiyejua kufanya hesabu hii huwatia watu hofu pasipo sababu.

Hatua ya 6: Unapokutana na wagonjwa

Vyuo vingi sasa huwapeleka wanafunzi kwa wagonjwa mwaka huohuo wa kwanza. Wewe mwenye shahada una tatizo lako maalumu: unaonekana mtu mzima. Ukivaa koti jeupe na umri wa miaka thelathini na kitu, mgonjwa atakuita daktari, na pengine hata muuguzi mgeni atakuuliza dozi. Sahihisha papo hapo, kila mara. "Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Naomba tuzungumze kidogo, na ukiona huna nafasi au hutaki, huduma yako haitabadilika." Sema hivyo kabla hujakaa. Ukiulizwa majibu ya vipimo, jibu ni kwamba utamwambia daktari wake kuwa ameuliza, na kweli uende ukamwambie.

Osha mikono kabla na baada, mgonjwa akikuona. Shirika la Afya Duniani limeweka nyakati tano za kusafisha mikono, na mbili hizo ndizo rahisi kusahau ukiwa na wasiwasi.

Jifunze mpangilio wa historia ya mgonjwa hadi utoke wenyewe: kilichomleta, kilianza lini na kimekwendaje, magonjwa ya zamani, dawa anazotumia, zinazomdhuru, magonjwa ya ukoo, kazi na maisha yake. Lakini mwanzoni kabisa muulize swali moja la wazi kisha unyamaze. Waliowahi kuwa walimu, wauguzi au mawakili hufanya vizuri hapa, maana wamezoea kusikiliza watu wenye shida. Waliotoka maabara wajizoeze zaidi.

Katika uchunguzi, mpangilio ni kutazama, kupapasa, kugonga, kusikiliza. Kwa tumbo, sikiliza kabla ya kupapasa na kugonga. Wanafunzi hukimbilia stethoskopu. Tazama kwanza: anapumua mara ngapi kwa dakika, midomo ina rangi gani, kitandani kuna nini. Kupima shinikizo la damu kufanyie mazoezi kwa wenzako hadi mkono uzoee. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hutoa namba kubwa isiyo ya kweli, na mgonjwa aliyeketi bila kuegemea, miguu ikining'inia, naye hukupotosha.

Ustadi huu hupimwa kwa mtihani wa vituo, ulioanza kwa kazi ya Ronald Harden kule Dundee, Scotland, mwaka 1975: unapita kituo baada ya kituo, kila kimoja na kazi yake na dakika zake. Hausomwi kitabuni. Fanyeni watatu, mmoja mgonjwa, mmoja daktari, wa tatu ashike saa na karatasi ya alama, na kila mmoja aseme kwa sauti anachofanya.

Hatua ya 7: Nafasi yako darasani

Shahada ya zamani itakusaidia mahali fulani na kukuponza pengine. Muuguzi anaijua wodi na lugha yake, ila anaweza kuridhika na "tunafanya hivi" bila kuuliza kwa nini. Mfamasia yuko mbele katika dawa, lakini anatomia inamsubiri. Mtafiti anataka kuchimba kila jambo hadi mwisho, na siku inaisha akiwa kwenye protini moja. Jitazame mwenyewe na uamue ni somo gani utalipa saa chache kuliko unavyopenda, na lipi saa nyingi kuliko unavyotaka.

Lililo zito zaidi ni la moyoni. Jana ulikuwa mtu wa kuulizwa, leo unauliza. Mwenzako wa miaka ishirini na miwili anajibu kabla hujafungua mdomo. Hilo linauma, na linawafanya watu wazima wengi kunyamaza darasani wasije wakaonekana hawajui. Uliza. Kikundi chenye mtu mzima anayethubutu kusema "sijaelewa, rudia" huelewa vizuri zaidi kwa pamoja.

Kikundi cha kujisomea kiwe cha watu watatu au wanne, si zaidi. Kila mmoja aje amesoma. Saa ya kikundi ni ya kuulizana na kuchoreana, haifai kuwa ya kusoma kwa mara ya kwanza. Asiyejiandaa mara mbili mfululizo mwambieni kwa upole na uwazi.

Hatua ya 8: Mitihani, na ukianguka

Wiki sita kabla ya mtihani, anza maswali ya kuchagua kwa vifungu vya saa moja. Baada ya kila kifungu tumia muda mrefu kuliko wa kujibu ukichambua makosa, na kila kosa lipe jina: sikujua, nilijua nikasahau, au nilisoma swali vibaya. Aina hizi tatu zina dawa tatu tofauti. La kwanza linakurudisha kitabuni, la pili kwenye kadi, la tatu kwenye kusoma mstari wa mwisho wa swali kabla ya habari za mgonjwa. Anayeziponya zote kwa "nitasoma zaidi" huchoka bila kupanda alama.

Ukishindwa somo, nenda kwa mshauri wako wa masomo wiki hiyohiyo ukiwa na karatasi yako ya makosa, si machozi peke yake (machozi nayo yanaruhusiwa). Wenye shahada huchelewa kuomba msaada kwa sababu hawajawahi kuanguka. Marudio ya mtihani hayakuondolei udaktari. Kuficha tatizo hadi muhula wa pili ndiko kunakoondoa watu.

Hatua ya 9: Mwili na akili yako

Usingizi ni sehemu ya kusoma, kwa maana kumbukumbu hukazwa mtu akiwa amelala. Kukesha kabla ya mtihani kunakupokonya yale uliyoyakusanya mchana. Linda saa saba au nane, tembea kila siku, na siku ile moja mliyokubaliana nyumbani iheshimu hata wiki za mtihani.

Utafika mahali utaamini una kila ugonjwa unaousoma. Uvimbe wa tezi, moyo kuruka pigo, doa kwenye ngozi. Ni jambo la kawaida kwa wanafunzi wa udaktari. Usijipime wala usimwombe mwenzako akupime. Kuwa na daktari wako, nje ya chuo ikiwezekana, na mwachie yeye uamuzi.

Lakini usichanganye hilo na huzuni isiyoondoka. Wiki mbili za kutolala, kutojali chakula, kuona kila kitu hakina maana, au mawazo ya kutaka kufa, hizo si uchovu wa shule. Zungumza na mtu siku hiyo: daktari, mshauri wa chuo, rafiki anayeweza kukaa nawe. Mawazo ya kujidhuru ni dharura kama maumivu ya kifua. Na ukiona mwenzako ameacha kuja darasani, mpigie simu, usimtumie ujumbe.

Hatua ya 10: Likizo ya mwisho wa mwaka

Pumzika kwanza, wiki kadhaa kamili, bila kitabu. Halafu kaa na kadi zako ufanye uchaguzi. Za fomula za kemikali ulizokariri kwa ajili ya mtihani tu, zifute. Za neva za mkono na mguu, mzunguko wa damu, figo na maji ya mwili, misuli ya kupumua, na dalili za kupoteza damu, zibakize. Dakika kumi kwa siku zinatosha kuziweka hai. Kama mwaka wa pili unaanza na patholojia (somo la magonjwa) na famakolojia (somo la dawa), pitia uvimbe na kinga ya mwili wiki moja kabla ya kufungua. Peleka vitabu ulivyoazima maktaba, hakiki kama kipo kipimo cha chanjo kinachotakiwa kurudiwa kabla ya wodi, na mwandikie mgeni wa mwaka wa kwanza ukurasa mmoja wa mambo ambayo kanuni za chuo chenu hazikuyaeleza vizuri.